Anataka kumdarizia bi harusi foronya na hajashika sindano tangu shule ya msingi

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nimelifupisha: "Dada habari. Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja hosteli anaolewa, kicheni pati ni baada ya wiki sita. Sitaki kununua hotipoti maana najua atapata kumi. Nataka nimtengenezee kitu kwa mkono wangu, kitu ambacho ni chake tu. Nimewaza batiki, au bangili ya shanga zenye herufi, au kudarizi, ila kudarizi nilifanya shule ya msingi tu. Bajeti elfu thelathini, nakaa chumba cha kupanga. Mwenzangu ni mtu wa Newala, hosteli tulimwita Mama Chapati. Nianze na nini, na je sitaonekana nimebana hela?"

Salama mdogo wangu, hongera kwa kupata bi harusi. Nisikuzungushe: darizi foronya. Jozi moja tu, foronya mbili nyeupe, maneno machache, ziishe vizuri. Usiongeze shuka, usiongeze vitambaa vya makochi, wiki sita zinaonekana nyingi ila una kazi na una usingizi wako.

Batiki nakukataza na sababu si kwamba ni mbaya, batiki naipenda sana. Ila hii batiki yetu ya mtaani inataka kemikali mbili, kostiki soda na haidrosalfaiti, na wewe unaniambia unakaa chumba cha kupanga. Kostiki inaunguza ngozi na macho, na ukikosea ukaimwagia maji juu yake badala ya kuitia yenyewe taratibu kwenye maji inachemka ghafla na kuruka, haidrosalfaiti nayo ikipata unyevu inajipasha moto yenyewe na inaweza hata kuwaka, afu harufu yake ni ya kiberiti hasa, jirani atakugongea mlango. Vitu hivyo vinafanywa nje, na glavu na barakoa, ukiwa na mtu anayejua pembeni yako. Na hata ukifanikiwa, jina lake utaliandikaje? Kwa nta ya moto na brashi, nta ikipoa inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, ndo uzuri wenyewe wa batiki lakini kwa herufi ndogo ni balaa.

Bangili ya shanga ni zawadi ya kumpa mtu ofisini. Ule mpira unaovutika unalegea na siku moja unakatika kwenye daladala, na zile herufi zimepakwa rangi juu tu, losheni na jasho vinazifuta. Kikombe chenye picha hukukitaja ila najua utashauriwa, kile ni kazi ya mashine ya dukani, mkono wako haumo.

Sasa foronya. Kitanda cha bi harusi kwetu ni jambo, mama zetu na bibi zetu walidarizi mashuka na foronya kabla hata hawajajua wataolewa na nani, kwa hiyo hata mkwe akiiona anaelewa ni kitu gani bila kuelezwa. Na kwa anayeanza foronya ina raha yake: ni kitambaa bapa, kidogo, hakina mkono wala kola, ukikosea unafumua.

Kitambaa. Nenda duka wanalouza vitambaa vya mashuka, uombe pamba tupu, na usimwamini muuzaji kwa mdomo maana kila kitu utaambiwa ni pamba. Mwombe akuchomolee uzi mmoja pembeni, uuwashe kiberiti nje ya duka. Pamba inaungua kama karatasi na inaacha majivu laini ya kijivu ukiyagusa yanapotea. Tetroni na jamii yake yenye poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kidonge kigumu cheusi na harufu ya plastiki. Tetroni si haramu, inakaa bila kujikunja na wengi wanalala juu yake, ila wakati wa joto kali shavu litakuambia tofauti, na sindano inateleza juu yake kwa anayeanza.

Meta mbili zinatosha foronya mbili za sentimita 50 kwa 75, ukipata kitambaa cha upana kuanzia 115. Hesabu yake ni hii, kila foronya inakula urefu kama wa sentimita 180 manake ina mbele, ina nyuma, na ina ule ulimi wa ndani wa kama sentimita 20 unaofunika mto usichungulie, na upana ni 50 ukiongeza za kushonea kidogo kila upande, kwa hiyo zote mbili zinakatwa ubavu kwa ubavu. Mito haifanani lakini, tafuta ndugu yake mmoja anayejua kutunza siri akupimie mito waliyonunua.

Ukifika nyumbani usikate. Fua kwanza, kwa maji ya moto kidogo na sabuni, anika, piga pasi. Pamba mpya inajikunyata kwenye fuo la kwanza, sentimita tatu hadi tano katika kila mia ni kawaida, na uzi wa kudarizi haujikunyati sawa nayo, kwa hiyo ukidarizi kwanza ukafua baadaye herufi zinavuta kitambaa na pale pembeni panakuwa na mikunjo ambayo pasi haitoi. Kazi nyingi nzuri nimeona zimeharibikia hapo tu.

Uzi: nenda maduka yale wanayouza zipu, vifungo na bitana, omba uzi wa kudarizi wa pamba, si uzi wa cherehani na si ule wa kufumia vitambaa. Utaujua kwa sababu ukiukata mwisho unaachana kuwa nyuzi sita ndogo. Fungu moja kwa kila rangi linakutosha na litabaki, mara nyingi lina meta nane na wewe unatumia nyuzi mbili tu kati ya zile sita, kwa hiyo lile fungu linazaa mara tatu. Namna ya kuzitoa: kata kipande, shika ncha, vuta uzi mmoja peke yake kwenda juu mpaka utoke wote, afu wa pili, ndo uziunganishe. Ukivuta mbili kwa pamoja zinajifunga fundo katikati na utaniita majina. Kipande kisizidi dhiraa moja, toka kiwiko mpaka ncha ya vidole, mrefu zaidi ya hapo unasagika kwa kupita pita kwenye kitambaa na unaanza kutoa manyoya. Sindano iwe ya ncha kali na tundu refu. Ile butu ni ya sufu, iache.

Rangi chagua mbili, zisizidi. Nyekundu, nyeusi na buluu ya kuiva ndizo zinazochuja, kwa hiyo kabla hujafanya chochote chukua kipande cha uzi, kilowanishe maji ya moto, kilaze katikati ya kitambaa cheupe kikuukuu, pitisha pasi. Kikiacha alama rudisha dukani au utumie kazi nyingine. Na ikitokea bahati mbaya imechuja ukishamaliza kazi, usianike wala usipige pasi, joto ndilo linaloigandisha, ingiza hapo hapo kwenye maji baridi ubadilishe maji mpaka yawe meupe.

Sasa tuje kwenye maneno, hapa ndo nataka ukae utulie maana mkono utajifunza tu ila neno ukikosea hakuna sindano ya kulitibu.

Watu wengi wanakimbilia majina mawili, la bibi na la bwana, na kopa katikati, na tarehe. Tarehe usiweke kabisa. Harusi zinasogezwa, ukumbi unakosekana, msiba unatokea, na wewe umeshadarizi. Jina la bwana usiweke kama humjui vizuri, wengine kitambulisho kinasema hivi na nyumbani anaitwa vile. Wengine wanachukua maneno ya kanga, na hapo naomba uwe makini sana mdogo wangu. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na lile jina mara nyingi linarushwa kwa mtu. Wazia "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" iko juu ya mto wa bi harusi mpya, imeanikwa kambani na mama mkwe anapita. Si atajiuliza mtu ni nani? "Wawili wakipendana adui hana nafasi" ni tamu ila ni ndefu, utadarizi mpaka mtoto wao aanze shule.

Wewe una kitu bora kuliko kanga, umekaa naye chumba kimoja. Watu wa chumba kimoja wana maneno yao. Lazima kulikuwa na kitu mlichokuwa mnaambiana kila usiku, na kama nyie mlikuwa kama wengine nina uhakika kilihusu nani anyanyuke kuzima taa. Basi foronya ya kwanza andika "Zima taa". Ya pili andika "Zima wewe". Kwisha. Mumewe atacheka bila kujua historia, yeye atacheka akijua, na zikikaa pamoja kitandani zinajibizana. Kama neno lenu lilikuwa jingine weka hilo, mradi lisizidi herufi nane au tisa kwa kila foronya. Hesabu yangu ni kwamba anayeanza herufi moja inamla robo saa mpaka nusu saa, zile mbili jumla ni herufi kumi na tano, kwa hiyo hata ukienda polepole kabisa ni saa saba na nusu za kukaa na sindano, ukizigawa jioni jioni ni kitu kinachowezekana.

Na Mama Chapati? Hilo lisikae juu. Jina la utani la hosteli kuwa wazi kwenye nyumba ya watu sijui kama yeye mwenyewe atalipenda. Lidarizi kwa herufi ndogo kwenye ule ulimi wa ndani, anakoingiza mto, mahali ambapo anapaona anayebadilisha foronya tu. Usimwambie. Ataliona mwenyewe siku ya kufua.

Halafu pambo. Mtu wa Newala, kwenye korosho zake, na kwenye kanga lile umbo la korosho lililopinda limejaa tele. Chukua kanga yoyote yenye korosho nzuri, weka karatasi nyembamba juu, kopi umbo lake la nje tu, zile nakshi za ndani ziache. Korosho moja kila foronya, zielekeane zikilazwa pamoja. Inatosha, usianze kuongeza maua.

Mwandiko tumia wako. Usichapishe kwenye kompyuta herufi zenye mikia na vivuli. Andika kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, herufi ndogo iwe na urefu wa sentimita 2 hivi, zaidi ya hapo inapiga kelele, ikiwa ndogo mno tumbo la "a" na "e" linajaa uzi na halisomeki. Karatasi bandika kwenye kioo cha dirisha mchana, kitambaa juu yake, fuatisha kwa penseli iliyochongwa vizuri bila kukandamiza. Biro hapana, haitoki. Kaboni ya ofisini nayo hapana, inachafua mpaka vidole.

Mahali pa kudarizi ni upande wa mdomo wa foronya, kama sentimita 8 hadi 10 toka ukingoni, si katikati. Katikati kuna shavu, na hakuna anayetaka kuamka siku ya harusi ana "taa" imechapika usoni. Kabla ya kuchora kunja kitambaa kama foronya itakavyokuwa, kibane kwa pini, weka alama mbele ni wapi na ulimi ni wapi, ndo ukifungue tena. Darizi kikiwa wazi, fundi akufungie baadaye. Ukiamua kununua foronya iliyoshonwa tayari ni sawa, okoa hela ya fundi, ila ingiza kipande cha boksi gumu ndani kila unapokaa, la sivyo sindano itashika mbele na nyuma na utakuta umeshona mdomo wa foronya ukafungwa, na fremu, lile duara la kukazia kitambaa, kwenye foronya iliyofungwa ni kero, inabidi uibane upande mmoja tu.

Fremu ya duara ya sentimita 15 inatosha. Kaza mpaka kitambaa ukikigonga kwa kidole kilie, na kila ukimaliza kwa siku hiyo itoe, ikilala humo inaacha duara ambalo halitoki kirahisi.

Mshono wako ni mmoja tu, wa kurudi nyuma. Usianze na fundo. Acha mkia wa sentimita 5 nyuma ya kitambaa, utaufukia baadaye chini ya mishono. Toa sindano juu, milimita tatu mbele ya pale mstari unapoanzia. Rudi nyuma uchome pale mwanzo kabisa. Chini kwa chini nenda mbele, utokee milimita tatu mbele ya ulipotokea mwanzo. Rudi tena uchome kwenye tundu lile lile ulilotokea kwanza, tundu lile lile, si karibu yake, hapo ndo mstari unakuwa mmoja bila mapengo. Ukifika kwenye kona na mizunguko kama ya "a" punguza mpaka milimita mbili, mishono mirefu kwenye mzunguko inatoa pembe pembe.

Ukishamaliza neno zima unaona kabisa ni mishono mishono, ya mwanafunzi. Ndo sasa unachukua uzi mwingine, rangi ile ile, unaupitisha chini ya kila mshono kutoka upande mmoja kwenda wa pili, kila mara ukianzia upande ule ule, bila kuchoma kitambaa hata mara moja, ncha ikikusumbua tumia upande wa tundu. Mstari unanyanyuka, unakuwa mviringo, makosa yote ya urefu yanajificha. Hiyo ni siri ya bure nakupa, watu wakiona wanadhani umedarizi miaka. Korosho unaweza kuifanya hivyo hivyo, au ukitaka tofauti jaribu mshono wa mnyororo kwenye kitambaa kikuukuu kwanza: sindano inatoka, inachomwa tena pale pale ilipotoka, inatokea mbele huku uzi umezungushwa chini ya ncha yake, unavuta taratibu, kitanzi kinakaa.

Kingine, usiruke. Ukimaliza "Zima" usivute uzi chini mpaka kwenye "taa", kitambaa cheupe kinaonyesha ule mstari mweusi nyuma. Kuruka kukizidi sentimita moja kata, fukia, anza upya. Kumalizia pia hakuna fundo, pitisha sindano chini ya mishono minne au mitano nyuma, kata. Fundo linahisika kwenye shavu na kwenye kufua linafunguka.

Na geuza kazi nyuma kila mara uitazame. Shangazi wa bi harusi akipewa foronya iliyodariziwa kitu cha kwanza ataigeuza, nakuhakikishia, wale waliokulia kwenye kudarizi hawaangalii mbele. Huku pwani kofia ya viua inakaguliwa hivyo hivyo kabla mtu hajatoa hela.

Ukimaliza fua kwa maji baridi na sabuni laini kutoa penseli na jasho la mikono, anika kivulini, pasi ipige kwa nyuma, herufi zikiwa zimelala juu ya taulo nene, usipofanya hivyo unazilaza zote ulizozinyanyua. Mimi mtu wa Tanga ningeifukiza na udi kidogo, chetezo kiwe chini mbali, maana moshi wa karibu unaacha umanjano kwenye nyeupe, ila uliza kwanza kama hana pumu. Kwenye kufunga achana na zile karatasi za kung'aa. Kunja, funga na utepe wa pamba, weka kwenye kikapu cha mkindu kidogo, na ujumbe mfupi wa mkono kwamba asiloweke kwenye jiki.

Kuhusu kubana hela. Mchango wa kicheni pati toa kama wenzio mlivyokubaliana, hata kama ni mdogo, usiseme zawadi yangu ni hii basi. Foronya zisiingie kwenye foleni ya MC anayetangaza friji na jiko la gesi, pale kwenye kelele hakuna atakayesoma "Zima wewe". Mpelekee nyumbani siku moja mbili kabla, mkiwa wawili. Elfu thelathini yako itaenda zaidi kwenye kitambaa na kwa fundi, kwa hiyo fundi muulize bei kabla hujanunua kitambaa, na mwambie mapema kwamba unataka mshono wa ndani ufichwe usichomoe nyuzi. Ukiona inabana, fremu azima, kuna mama mtaani kwenu anayo kabatini.

Wiki ya kwanza nunua, fua, fanya majaribio kwenye kitambaa kikuukuu mpaka uone "a" yako inasomeka. Ikifika mwisho wa wiki ya nne na umemaliza foronya moja tu, usikeshe ukaharibu. Ya pili weka korosho peke yake bila neno, na kwenye ile ya kwanza badilisha mpango: chini ya "Zima taa" ongeza "wewe".